Babu Ukutani kwa Mtani

Grasiana alipopata habari kwamba Bibi Amne, shangazi yake Rehani, amefariki kule Handeni, alisema, "Mungu ampumzishe," kama inavyompasa mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akacheka mpaka akashika mbavu.

Hakuwa na ugomvi na marehemu. Bibi Amne alikuwa mtu wa watu, na wakikutana alikuwa hamwachi Grasiana aondoke bila kumfungashia mihogo. Grasiana alicheka kwa sababu msiba umeingia nyumbani kwa Rehani, na Rehani ni Mzigua, na yeye Grasiana ni Mnyamwezi. Penye msiba wa Mzigua, Mnyamwezi ni mtani, na mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya hupigwa mawe. Atakuja amejipaka majivu. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Atawatukana wafiwa mbele ya watu, atakamata kuku, atabeba sufuria, na kitu alichokibeba hakirudi mpaka wenye msiba wakikomboe, hata kwa jogoo mmoja. Wao kazi yao ni kucheka. Anayemkasirikia mtani msibani amejivua nguo mwenyewe.

Basi Grasiana akaanza kungoja arobaini.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mjane, muuza vitenge katika soko la Manundu pale Korogwe, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, na mtu wa kinyongo. Hili la mwisho hakulificha. Alisamehe mbele ya padri kila Kwaresima, na akitoka nje ya kanisa alikuta kinyongo chake kinamsubiri mlangoni, wanaongozana nyumbani. Ila safari hii, haki ya Mungu, alikuwa na sababu.

Kwa miaka mingi Grasiana alikusanya postikadi za zamani za Korogwe na Handeni. Alianza bila kujua kwamba ameanza. Duka moja karibu na stesheni lilikuwa linafungwa, mwenyewe anahamia kwa watoto wake, akawa anagawa makorokoro. Grasiana akaondoka na boksi la viatu lililojaa kadi, akidhani zitawafaa watoto wa jirani kuchezea. Kufika nyumbani akazimwaga kitandani, na hapo hapo akasahau kupika. Ile stesheni, treni imesimama na akina mama wameinua vikapu vya machungwa kuelekea madirishani. Boma la Handeni, likiwa jeupe kuliko alivyowahi kuliona. Soko lenye mapaa ya makuti na punda wamefungwa mahali ambapo leo kuna benki. Wageni walizipiga picha hizo ili ndugu zao ng'ambo waone walikofika, na bila kukusudia wakawatunzia wenyeji sura ya mji wao. Miji mikubwa ina watu wa kuiandika. Korogwe ilikuwa na boksi la viatu.

Mama yake, wakati huo bado yu hai, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kadi moja, akaitazama muda mrefu.

"Huyu baba," akasema hatimaye.

Ilikuwa picha ya wanaume watano wakianika nyuzi za mkonge kwenye waya. Wa katikati alikuwa mrefu, shati limechanika bega, mkono wa kushoto umekamata waya kwa vidole vitatu. Viwili vingine viliondoka na korona, ile mashine ya kukamua mkonge, ambayo ilikuwa ikila watu wa Tanga miaka mingi kabla dunia haijapata ugonjwa wenye jina kama lake. Alikuwa Dominiko, manamba aliyeletwa kwa mkataba kutoka Tabora. Alifia shambani binti yake akiwa na miaka saba, na kaburi lake wakaja kulilima wakapanda mkonge juu. Hakupata kupigwa picha nyingine. Hata siku hiyo huenda hakujua kama anapigwa. Katika ulimwengu mzima, kilichobaki cha Dominiko kilikuwa kile kipande cha karatasi ngumu, na mama yake Grasiana alilala nacho chini ya mto mpaka alipokufa.

Baada ya hapo Grasiana akawa hakamatiki. Alizifuata postikadi Mashewa, akazifuata Makuyuni, kwa masista, kwa wapishi wastaafu wa mameneja wa mashamba, kwa mabibi waliozitumia kuzibia nyufa za makabati. Alibadilisha vitenge kwa kadi. Walimcheka, wakamwita mama makaratasi, naye akawajibu kwamba makaratasi hayaombi chumvi. Zote alizipanga katika albamu moja nene yenye jalada jekundu, na babu Dominiko akamweka ukurasa wa kwanza.

Na ndipo alipotokea Rehani.

Mzee Rehani alikuwa mwalimu mstaafu wa Handeni, msafi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na maneno matamu. Alikuja kununua kitenge cha mkewe, akaiona albamu juu ya meza, na kitenge akakisahau. Toka siku hiyo kila akija Korogwe alipita kibandani.

"Mtumwa wangu, hujafa tu?" angeuliza akiwa bado mlangoni.

"Nife nani akubebe, mzee? Nyie Wazigua mkishiba hamwezi hata kusimama."

Wangecheka, wangekunywa chai, kisha wangeinama juu ya albamu kama watu wanaochambua mchele. Ukweli usemwe: Rehani alizipenda zile kadi. Aliweza kutazama kona ya picha ya soko na kumwambia Grasiana mti ule ulikatwa lini na aliyekuwa anaishi nyuma yake ni nani. Grasiana hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo hayo. Alimpenda mzee yule kama kaka, na kwa sababu hiyo hasira yake baadaye ilikuwa na mizizi.

Mwaka mmoja, Mwenge wa Uhuru ulipokuwa unapita Handeni, Rehani aliomba albamu aionyeshe kwa wageni. "Wiki moja tu, mtani. Ya pili ikinikuta nayo, niite mwizi." Grasiana akaifunga kwenye kanga mbili, akampa.

Wiki moja ikawa mwezi. Mwezi ukawa mvua za vuli. Kisha Rehani akaja mwenyewe, kofia mkononi, macho mekundu, akasema mchwa wameingia kabatini. Wamekula yote, hata jalada halikubaki. Akalia, na Grasiana akalia naye. Masikini mwanamke wa watu, ndiye aliyembembeleza! Akamkaangia na mayai. Kisha akawa kama mfiwa kwa muda mrefu, akavaa nguo nyeusi kwa ajili ya babu aliyekufa mara ya pili.

Aliyemfumbua macho alikuwa Fausta, mwanakwaya mwenzake, aliyekwenda Handeni harusini. Alirudi moja kwa moja kibandani kwa Grasiana, hata hajabadilisha viatu.

"Dada, kaa kwanza," alisema. "Babu yako yuko ukutani kwa mwalimu Rehani. Na amebadilishwa kabila."

Kesho yake Grasiana alikuwa Handeni. Sebule ya Rehani ilikuwa imepakwa rangi upya, na mlangoni ameandika kwa herufi kubwa kwamba hapa ni Nyumba ya Kumbukumbu. Watoto wa shule walikuwa wanatoka, madaftari mkononi. Ndani, kadi zote zimebandikwa ukutani kwa pini, kila pembe imetobolewa. Juu kuna jina la mkusanyaji, na jina hilo halikuwa la Grasiana. Chini ya picha ya wanaume watano kuna maelezo kwamba yule mrefu wa katikati ni Mzee Mbwana, babu yake Rehani, msimamizi wa kwanza Mzigua katika mashamba ya mkonge. Pini moja ilipita juu kidogo ya kichwa cha Dominiko.

Grasiana alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka majirani wakajaa uani. Alimwita Rehani mwizi, mwongo, mla maiti. Na Rehani alifanya nini? Alicheka. Alifungua mikono, akawageukia majirani.

"Mtani wangu huyo kutoka Korogwe! Mnyamwezi! Leo amekuja na la postikadi. Mpeni maji, amechoka kutukana."

Uani wote ukacheka. Mzee mmoja alimpigia makofi. Kila alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kumsifu kwamba anajua utani. Aliondoka pale, na njia nzima aliyarudia maneno yale yale: kwa utani umenizika, kwa utani nitakuzika.

Alikaa na maneno hayo miaka miwili. Alipokuwa anapima kitenge aliyapima nayo. Sasa Bibi Amne akafa, Mungu amrehemu, na mlango ukafunguka.

Siku ya arobaini uwanja wa Rehani ulijaa. Ndugu wametoka Mazingara na kwingineko, maturubai yamefungwa, na upande wa nyuma masufuria makubwa ya ubwabwa yako juu ya mafiga, kuni zinalia. Dua ilikuwa imekwisha na watu wanangoja chakula. Grasiana akaingia amegeuza kanga ndani nje, uso mweupe kwa majivu, anatembelea gongo. Fausta nyuma yake amejivika ungo kichwani.

Hakusalimia mtu. Alipinda mgongo, akaanza kukokota mguu wa kulia jinsi Bibi Amne alivyokuwa akiukokota, akanusa hewani, akasema kwa sauti ile ile ya marehemu, "Rehani, mbona ubwabwa umeungua? Nimekufa tu mmeshindwa kupika?"

Watu waliangua kicheko. Wanawake waliokuwa wamevimba macho kwa kulia walishikana mabega. Mzee Ukasha, baba mdogo wa Rehani na mkubwa wa ukoo, alipiga goti lake kwa kiganja. "Watani wamefika! Sasa msiba umekamilika."

Rehani naye alicheka, lakini jicho moja lilikuwa linamfuata Grasiana. Alimfahamu.

Grasiana akaingia ndani. Hakugusa kuku, hakugusa sufuria. Alikwenda sebuleni akazing'oa kadi ukutani moja moja, pini zikidondoka sakafuni, akazirundika kwenye kanga. Alipotoka nje aliuinua mzigo juu ya kichwa.

"Sikilizeni, wafiwa! Mtani amekamata mali! Picha hizi ni zangu, huyu mwalimu wenu aliniibia akasema zimeliwa na mchwa. Mchwa mwenyewe ndiye huyo, amevaa kofia! Siku za mwizi ni arobaini, na leo ni arobaini!"

Uwanja ukalipuka. Walicheka mpaka wazee wakafuta machozi, na kijana mmoja akagaragara kwenye jamvi. Grasiana alisimama katikati ya kicheko hicho akisubiri kiishe ili ukweli ubaki. Kilipokwisha, hakuna kilichobaki. Walikuwa wanamtazama kwa upendo, wanangoja kichekesho kingine.

"Haya Rehani," alisema Mzee Ukasha, "mtani kashika. Komboa."

Rehani alikuwa tayari. Alitokea nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu amefungwa miguu, akamweka miguuni pa Grasiana kwa heshima zote.

"Mtani, umetushika pabaya," alisema, sauti imejaa asali. "Nakomboa mali yangu na ya babu zangu. Pokea, unirudishie."

Watu wakapiga makofi. Na hapo Grasiana akaona alichokifanya. Mtani habebi kitu chake mwenyewe. Mtani hubeba mali ya mfiwa. Kwa kuja amejipaka majivu na kuzibeba kadi mbele ya ukoo mzima, yeye kwa mikono yake ametangaza kwamba ni za Rehani. Akimpokea jogoo, amemuuza babu yake kwa jogoo. Akikataa, amevunja utani, na wazee watamnyang'anya kadi kwa haki. Miaka miwili ya kupanga, na kamba aliyoisokota imemkaba shingo mwenyewe.

Rehani alijua kwamba amejua. Alimkonyeza.

Lau asingemkonyeza, labda mambo yangekwenda vingine.

Grasiana alimpiga teke jogoo, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga. Watu wakamfuata, bado wanacheka, wanataka kuona. Akachomoa kadi ya juu kwenye kanga. Ilikuwa stesheni, ile ya treni na akina mama wa machungwa. Akaisukuma chini ya sufuria. Iliwaka haraka.

"Mtani anapika!" mtu alipaza sauti.

Ya pili ilikuwa soko la makuti. Ya tatu boma la Handeni. Rehani alikuwa amesimama pale, kicheko kimebaki midomoni lakini macho hayacheki tena. Grasiana aliyaona macho hayo na kitu kikamchangamka rohoni. Akatia ya nne bila kuitazama.

"Basi, mtani," alisema Rehani. "Imetosha. Pokea jogoo."

"Bado sijashiba."

Akaingiza mkono, akatoa picha ya wanaume watano. Aliijua kwa kuigusa, maana upande mmoja ulikuwa umelainika kwa miaka ya kulala chini ya mto wa mama yake. Akainyoosha juu ya moto.

"Usichome!" Rehani aliruka, akamkamata kifundo cha mkono, kofia ikaanguka majivuni. Alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama. "Wewe mwanamke una wazimu? Hakuna nyingine! Dunia nzima hakuna nyingine! Ni zako, zichukue, zote ni zako! Nilikudanganya, hapakuwa na mchwa! Ni zako, chukua uondoke, lakini usizichome!"

Mzee Ukasha alijikongoja mpaka mbele, akamtazama mtoto wa kaka yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Rehani. Umemshika mtani mkono msibani. Umemkasirikia." Akaokota ile kofia majivuni. "Na uliyoyasema, sote tumeyasikia."

Rehani aliuachia mkono. Alikaa chini kwenye vumbi, mzee mzima, akalia machozi ya kweli, si yale ya mchwa. "Nisamehe, dada," alisema. "Nilizipenda. Nilizipenda kuliko wewe."

"Mama, umeshinda," alisema Mzee Ukasha taratibu. "Rudisha mkono."

Grasiana alikuwa ameshinda. Ukoo mzima umesikia, hakuna tena wa kusema alitania. Kadi ilikuwa bado kati ya vidole vyake, imeanza kujikunja pembeni kwa joto, na kurudisha mkono ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini aliutafuta utamu alioungoja miaka miwili, akaukuta ni kidogo. Maungamo yalitoka upesi mno. Mtu yule angelala usingizi leo. Angesema, nilikosa, nikasamehewa, na kadi zipo. Kilikuwepo kitu kimoja tu ambacho kingemuuma mpaka kaburini, na kitu hicho alikuwa amekishika.

Akafungua vidole.

Sauti aliyoitoa Rehani haikuwa neno. Uso wake ulikunjamana wote, mdomo ukabaki wazi, na mikono ikanyooka kuelekea mafiga kisha ikarudi kwa kuogopa moto. Grasiana aliutazama uso huo. Aliutazama bila kupepesa, kila kunyanzi, kila tone, akaunywa kama mtu aliyetoka juani. Hakuna siku aliyowahi kushiba namna ile.

Alipoinamisha macho, chini ya sufuria kulikuwa na jani jeusi limejikunja. Kuni ikateleza, likavunjika.

Fausta alikuwa ameokota kanga yenye kadi zilizobaki, akamshika mkono, wakatoka. Hakuna aliyewazuia. Hakuna aliyewacheka pia. Ndani ya basi la Korogwe Fausta alimpa maji anawe majivu usoni, naye akanawa.

"Angalau uliagana naye?" Fausta aliuliza kwa sauti ya chini. "Babu. Kabla ya kuiachia, ulimtazama?"

Grasiana aliegemeza kichwa, akafumba macho, akamtafuta yule mrefu wa katikati, shati lililochanika bega, uso uliokuwa juu ya shati hilo. Alitafuta mpaka wakavuka mto. Kila alipofumba macho, aliyemjia alikuwa Rehani.